Hesabu Waliobaki

Asubuhi ya Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti 2018, tulipotoka zamu ya usiku ghalani, tulikusanyika watu 12 kwa drafti ya fantasi ya futiboli ya Kimarekani, katika gereji ya mzee mmoja anayeendesha fokolifti, upande wa magharibi wa Indianapolis. Ukutani alikuwa amebandika karatasi kubwa iliyochorwa safu 12, kila safu na jina la mmoja wetu juu yake. Mezani kulikuwa na stika za majina ya wachezaji, kila nafasi na rangi yake. Wakimbiza mpira walikuwa kijani, wapokeaji njano, makwotabeki wekundu. Nilikuwa nimeokota zamu ya sita. Watano walionitangulia walibandika kijani, kijani, kijani, kijani, njano. Nikainuka na stika nyekundu mkononi: Aaron Rodgers wa Green Bay.

Hakuna aliyesema neno. Dada mmoja wa Uvira, ambaye tunasimama naye kwenye mkanda wa kupakia mizigo, alinitazama kama mtu anavyomtazama mdogo wake aliyelipa nauli mara mbili. Wa saba akasimama, akambandika Saquon Barkley, kijana ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya msimu wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo. Mimi nilirudi kwenye kiti changu nikiwa na furaha tele. Nilikuwa nimempata kwotabeki, mtu anayeushika mpira karibu kila shambulizi, na jina lake nilikuwa nikilisikia tangu wiki ya kwanza nilipotua nchi hii. Niliamini nimewaacha wenzangu mbali.

Niseme kwanza huu ni mchezo gani, maana neno drafti kwetu ni ile ya ubao na vifuniko vya soda chini ya mwembe. Wengi tunaijua fantasi ya Ligi Kuu ya England, timu ya karatasi inayopata alama kwa wanachofanya wachezaji wake uwanjani: una bajeti, unamnunua Salah, nami namnunua Salah, na jirani yangu naye yumo. Fantasi ya drafti haiko hivyo. Mchezaji ni wa mtu mmoja tu. Akishabandikwa kwenye safu yako, hakuna mwingine anayeweza kuwa naye. Mnachagua kwa zamu, raundi ya kwanza kutoka 1 hadi 12, raundi ya pili mnarudi nyuma kutoka 12 hadi 1, kama nyoka anavyojikunja. Mwenye zamu ya 6 anachagua tena zamu ya 19, halafu ya 30. Hakuna bei. Gharama ya kumchukua mtu ni wale wote watakaoondoka kabla zamu yako haijarudi.

Hiyo sentensi ya mwisho ilinichukua msimu mzima kuielewa.

Mechi ya kwanza kabisa, Rodgers aliumia goti dhidi ya Chicago, akatolewa, akarudi akichechemea na kuishindia timu yake 24 kwa 23. Nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Alimaliza msimu na pasi 25 za tachidauni, yaani za kufunga, na mbili tu zilizonaswa na wapinzani. Kwa macho ya mpira ule ulikuwa msimu mzuri. Lakini dada wa Uvira alikuwa amesubiri hadi raundi ya tisa, akamchukua Andrew Luck wa timu yetu ya hapa, Colts, ambaye watu walimwogopa kwa sababu bega lilikuwa limemweka nje mwaka mzima wa 2017. Luck alitoa pasi 39 za tachidauni. Kijana mwingine alimchukua Patrick Mahomes raundi ya 11, kwa kubahatisha tu, na Mahomes akatoa 50. Na yule Barkley niliyempita akapata yadi 2,028 kwa kukimbia na kupokea, akadaka pasi 91, akawa mchezaji mpya bora wa mashambulizi. Zamu yangu ya 19 iliporudi, kijani zilizobaki zilikuwa za wakimbiaji wanaogawana kazi na wenzao. Ya 30, hivyo hivyo. Kila Jumapili nilikuwa na kwotabeki mzuri na nyuma yake shimo. Nikamaliza wa kumi kati ya 12.

Desemba, wakati mizigo ya sikukuu imejaa mpaka mlangoni, nilimuuliza yule dada kwa nini alinitazama vile siku ya drafti.

"Kaka, weye ni mtu wa Kigoma," akaniambia. "Ukifika sokoni ukakuta dagaa mabeseni ishirini, na mgebuka wamebaki wawili, na wewe unataka vyote viwili, unaanza wapi?"

"Kwenye mgebuka."

"Hata kama dagaa wa siku hiyo ni wazuri sana?"

"Hata kama."

"Basi wewe ulikimbilia dagaa."

Akanihesabia kwa vidole, mikono ikiwa bado na glavu. Sisi ni 12, na kila mmoja anaanzisha kwotabeki mmoja. Wanahitajika 12. Timu za NFL ni 32, na kila moja ina kwotabeki anayeanza. Wanabaki 20, na kati ya hao kuna wazuri kadhaa. Wakimbiza mpira kila mmoja wetu anaanzisha wawili, na wengine wanaweka wa tatu kwenye nafasi ya ziada. Wanahitajika 24 mpaka 36. Lakini timu nyingi za NFL zimeacha kumpa mtu mmoja mpira siku nzima, zinawagawia wawili au watatu. Kwa hiyo wenye kazi kamili hawafiki hata 15. "Rodgers ni mkubwa, hakuna anayekataa," akasema. "Ila usimpime Rodgers na Barkley. Mpime Rodgers na kwotabeki utakayempata raundi ya tisa, halafu mpime Barkley na mkimbiaji utakayempata raundi ya tisa. Angalia pengo lipi kubwa."

Nilikuwa nimecheza msimu mzima nikilinganisha mtu na mtu, kumbe nilipaswa kulinganisha pengo na pengo.

Tangu mwezi ule nina kaunta buku. Ni lile la kwaya tatu, nimelinunua duka la vitu vya shule, na kila Agosti nafungua ukurasa mpya. Nagawa ukurasa safu nne: kwotabeki, wakimbiaji, wapokeaji, na taiti endi, wale wanaozuia wapinzani na pia kupokea pasi. Chini ya kila safu naandika majina kwa mpangilio wangu, bila kuangalia orodha ya mtu. Kisha nachukua kalamu nyekundu na kutafuta mahali penye mteremko. Nakuwa na majina matano ambayo kwangu ni sawasawa, wa sita akiwa ameshuka dhahiri. Kati ya wa tano na wa sita napiga mstari. Siku ya drafti sihangaiki nani ni namba mbili na nani namba nne juu ya mstari. Ninachoangalia ni wangapi wamebaki juu ya mstari, na watu wangapi watachagua kabla zamu yangu haijarudi. Nikiwa na zamu ya 6, kati yangu na 19 kuna machaguo 12. Kama juu ya mstari wa wapokeaji wamebaki tisa na juu ya mstari wa wakimbiaji amebaki mmoja, namchukua yule mmoja, hata kama moyo wangu uko kwa mpokeaji. Kama wote wamebaki wengi, hapo namfuata ninayempenda.

Safu ya taiti endi ndiyo iliyonishangaza nilipoanza kuchora. Mstari wa kwanza ulikuja mapema mno, baada ya majina mawili au matatu, halafu chini yake kundi kubwa la watu wanaofanana. Kwa miaka kadhaa Travis Kelce wa Kansas City alikuwa juu ya mstari karibu peke yake. Nilielewa kwa nini kuna mtu katika gereji ile aliyemchukua mapema kila mwaka na kila mwaka akawa kwenye tatu bora. Wapigaji wa mpira kwa mguu sijawahi kuwachorea safu. Nawachukua raundi ya mwisho.

Msimu wa 2019 ndio ulionifundisha nusu ya pili ya jambo hili, na ulinifundisha kwa siku moja.

Drafti yetu ilikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti, mchana. Dada wa Uvira alimchukua Luck tena, mapema kidogo kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu sasa kila mtu alijua bega limepona. Tulipomaliza tulikaa pale pale gerejini, tukachoma nyama, televisheni ikaonyesha Colts na Chicago kwenye mechi ya maandalizi katika uwanja wa Lucas Oil, katikati ya jiji. Luck hakuwa anacheza, alikuwa amesimama pembeni na nguo za kawaida. Kipindi cha pili simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Andrew Luck anastaafu. Ana miaka 29. Majeraha yamemchosha. Mechi ilipoisha kamera zikamfuata akitoka uwanjani, na kutoka jukwaani zikasikika zomeazomea. Mzee wa fokolifti, ambaye amekuwa shabiki tangu timu ilipohamia hapa kutoka Baltimore mwaka 1984, alizima sauti. Aliinamisha kichwa akakaa hivyo muda mrefu. Mimi sikuwa na la kusema, nikaenda kugeuza nyama.

Na dada wa Uvira? Alisikitika kama sisi sote. Kisha Jumatatu akaingia kwenye orodha ya wachezaji wasio na mwenyewe, akamkuta Dak Prescott wa Dallas hajachukuliwa na mtu, akamchukua bure. Prescott alitoa pasi 30 za tachidauni na yadi 4,902 msimu ule. Timu ya karatasi ya yule dada haikutikisika.

Colts walitikisika kwa miaka. Baada ya Luck alianza Jacoby Brissett, mwaka uliofuata Philip Rivers, mwaka uliofuata Carson Wentz, mwaka uliofuata Matt Ryan. Kila Septemba jezi mpya madukani. Mtu yule yule, habari ile ile, usiku ule ule: kwetu gerejini pengo lake lilizibwa Jumatatu kabla ya chakula cha mchana, mjini halikuzibika. Ni kwa sababu hesabu ya NFL yenyewe ni tofauti. Kule timu 32 zinahitaji makwotabeki 32, na duniani hawapo 32 wanaoiweza kazi ile vizuri. Wakimbiza mpira wanaoiweza kazi yao wako wengi, na vyuo vikuu vinaleta wengine kila mwaka. Mgebuka wa gerejini ndiye dagaa wa NFL, na dagaa wa gerejini ndiye mgebuka wa NFL.

Hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia drafti yenyewe, ile ya Aprili ambamo timu za NFL huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, kwa macho mengine. Ukikaa Indianapolis huwezi kuikwepa, maana tangu 1987 vijana wa vyuo wanaletwa hapa kila mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi kupimwa: urefu, uzito, mbio za yadi 40. Mwaka 2024 Xavier Worthy alikimbia yadi hizo kwa sekunde 4.21, na hakuna aliyewahi kupimwa hapa akaenda kasi zaidi. Ghalani tulitumia mapumziko kumwangalia kwenye simu ya mtu.

Nilirudi nyuma kuisoma drafti ya 2018, ile iliyomleta Barkley. New York Giants walikuwa na chaguo la pili. Kwotabeki wao Eli Manning alikuwa na miaka 37. Walimchukua Barkley. Mashabiki walishangilia, na kusema kweli kijana hakuwaangusha, zile yadi 2,028 alizipata kwao. Lakini soma karatasi yote. Makwotabeki watano walitoka raundi ya kwanza mwaka ule: Baker Mayfield wa 1, Sam Darnold wa 3, Josh Allen wa 7, Josh Rosen wa 10, Lamar Jackson wa 32. Baada ya Jackson, kwotabeki aliyefuata kuchaguliwa, Mason Rudolph, alikuwa wa 76. Ule ni mteremko ambao mtoto angeuona kwenye kaunta buku. Upande wa wakimbiaji, Nick Chubb alikuwa bado anasubiri mpaka chaguo la 35, na kule Cleveland akawa mmoja wa wakimbiaji bora wa miaka iliyofuata. Giants walishinda mechi 5 wakapoteza 11. Katika misimu sita ya Barkley pale, waliingia hatua ya mtoano mara moja tu.

Kuna jambo la pesa ambalo gerejini halipo, na ndilo linaloongeza uzito. Kabla ya 2011, mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza alijadiliana mshahara wake mwenyewe. Sam Bradford, wa kwanza mwaka 2010, alihakikishiwa dola milioni 50 kabla hajarusha pasi. Mkataba mpya wa 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji ukaweka viwango: Cam Newton, wa kwanza mwaka huo, alipata kama milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo mshahara wa kijana unafuata namba aliyochaguliwa, haufuati nafasi anayocheza. Chaguo la pili la 2018 lilikuwa na thamani ya dola kama milioni 31 kwa miaka minne, awe kwotabeki, awe mkimbiaji, awe mlinzi.

Sasa angalia sokoni kwa wakubwa. Mwaka 2023 timu iliyotaka kumzuia mchezaji wake kwa mwaka mmoja bila mkataba mrefu ilitakiwa kumlipa dola milioni 10.1 akiwa mkimbiza mpira, na milioni 32.4 akiwa kwotabeki. Kila timu ina kikomo cha mishahara ambacho haiwezi kukivuka, milioni 177.2 mwaka 2018, milioni 279.2 mwaka 2025. Ukimpata kwotabeki mzuri kwa mshahara wa drafti, unabakiwa na fungu kubwa la kununua wengine kwa miaka minne, hata mitano. Ukimpata mkimbiaji bora kwa chaguo la pili, umeokoa kidogo mno, kwa sababu tangu siku ya kwanza unamlipa karibu na wakimbiaji ghali kuliko wote. Kwa hiyo pengo linapimwa mara mbili, uwanjani na kwenye daftari la mishahara. Nafasi zinazopanda kwa vipimo vyote viwili ni zile zinazogusa pasi: anayeirusha, anayemlinda anayeirusha, anayemvamia anayeirusha, anayeipokea, na anayemkaba anayeipokea.

Mfano wa haraka. Mwaka 2012, raundi ya tatu, Jacksonville walitumia chaguo la 70 kumchukua Bryan Anger, ambaye kazi yake ni kupiga mpira mbali kwa mguu timu ikikwama. Alikuwa hodari, na alicheza miaka mingi. Chaguo la 75 Seattle walimchukua Russell Wilson, kwotabeki, na msimu wake wa pili wakabeba ubingwa. Anger hana kosa. Aliifanya kazi yake vizuri, ila kazi yenyewe haibadilishi msimu.

Nisije nikaeleweka kwamba nafasi ndiyo kila kitu. Nina ushahidi kinyume chake hapa hapa mjini, na nilibishana sana kabla ya kuukubali. Mwaka ule ule wa 2018 Colts walikuwa na chaguo la tatu. Wakawauzia New York Jets, wakashuka hadi la sita, na juu yake wakapewa machaguo matatu ya raundi ya pili, mawili ya mwaka ule na moja la 2019. La sita wakamchukua Quenton Nelson, mlinzi wa ndani, anayesimama ubavuni mwa anayeanzisha mpira. Nafasi hiyo huchaguliwa mapema mara chache sana. Kwa moja ya machaguo waliyopewa, la 37, wakamchukua Braden Smith, mlinzi wa ukingoni kulia. Mwaka 2016 Luck alikuwa ameangushwa na mpira mkononi, kabla hajatoa pasi, mara 41. Mwaka 2018 makwotabeki wa Colts waliangushwa mara 18 tu, idadi ndogo kuliko timu yoyote. Walianza kwa kushinda moja na kupoteza tano, wakamaliza 10 kwa 6 na kuingia mtoano. Nelson alitajwa kwenye kikosi bora cha ligi misimu yake mitatu ya kwanza.

Kwa hiyo je, walikosea kumchukua mlinzi wa ndani mapema? Mimi nasema hapana. Walikuwa na kwotabeki tayari, mwili wake ndio uliokuwa ukivunjika, na walishuka kwanza wakalipwa kwa kushuka. Thamani ya nafasi si ile ile kwa kila timu, inategemea una nini nyumbani.

Ila angalia kilichotokea kwotabeki alipoondoka. Mwaka 2021 Colts walikuwa na Nelson, na nyuma yake Jonathan Taylor, ambaye walimpata chaguo la 41 mwaka 2020, nami nikasema kimoyomoyo kwamba huko ndiko mkimbiaji anakopaswa kutoka. Taylor aliongoza ligi nzima: yadi 1,811 na tachidauni 18 kwa kukimbia. Mechi ya mwisho walihitaji kuifunga Jacksonville, timu iliyokuwa imeshinda mechi mbili tu msimu mzima, waingie mtoano. Wakafungwa 26 kwa 11. Nilikuwa zamuni, nikisikiliza kwa sikio moja. Mlinzi bora na mkimbiaji bora, na msimu umeishia hapo.

Na kosa la upande wa pili lipo pia. Mwaka 2023 Colts wakamchukua kwotabeki Anthony Richardson chaguo la nne. Alikuwa ameanza mechi 13 tu akiwa Chuo Kikuu cha Florida. Mwili wake, kasi yake, mkono wake, vyote vilitutia tamaa, nami nilishangilia. Kufikia 2025 alikuwa ameipoteza nafasi yake kwa Daniel Jones. Chicago mwaka 2017 walimchukua Mitchell Trubisky wa pili, na Mahomes akatoka wa kumi. Nafasi yenye thamani haimtengenezi mchezaji. Inakuambia tu ukipatia utapata kiasi gani, na ukikosea utakuwa umekosa nini. Nilipoanza kaunta buku nilidhani mistari myekundu itaniondolea kazi ya kumjua mtu. Haikuniondolea.

Kila ninapoyasema haya kwenye chumba cha mapumziko, kuna mtu ananirudishia Barkley. Giants walimwacha aondoke 2024, akaenda Philadelphia, akakimbia yadi 2,005, na Februari 2025, siku aliyotimiza miaka 28, wakabeba Super Bowl, fainali ya ligi, kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22. "Bado unasema mkimbiaji hana thamani?"

Sijawahi kusema hana thamani. Philadelphia hawakutumia chaguo la pili kwake. Walimpa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 37.75, baada ya kumaliza kujenga ukuta mbele yake. Lane Johnson, mlinzi wa ukingoni kulia, walimchukua chaguo la nne mwaka 2013. Kwotabeki Jalen Hurts alikuwa wa 53 mwaka 2020. Na mlinzi wa ukingoni kushoto, Jordan Mailata, Mwaustralia aliyetoka kwenye raga, alikuwa wa 233 katika drafti ile ile ya 2018 iliyomweka Barkley wa pili. Mailata ananigusa kwa namna ya peke yake, kwa sababu mwaka 2013 Colts walimleta Mkenya mmoja kutoka kwenye raga, Daniel Adongo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Hakudumu, lakini watu wa Afrika Mashariki tuliokuja baadaye tulisimuliwa habari zake kabla hata hatujajua sheria za mchezo.

Jambo moja bado sijalimaliza, na dada wa Uvira naye hajalimaliza. Mwaka 2021 Cincinnati walikuwa na chaguo la tano. Kwotabeki wao Joe Burrow alikuwa amepasuka goti msimu uliotangulia kwa kukosa ulinzi. Mezani kulikuwa na mpokeaji Ja'Marr Chase na mlinzi Penei Sewell. Nafasi zote mbili zina thamani. Walimchukua Chase, na msimu ule ule wakafika Super Bowl, ambapo Burrow aliangushwa mara saba wakafungwa na Rams 23 kwa 20. Sewell alienda Detroit, akawa mmoja wa walinzi bora wa ligi. Dada anasema bila Chase wasingefika fainali. Mimi nasema kwa Sewell labda wangeishinda. Tumelibishania hilo mkandani tangu Februari 2022, na kila mmoja ana hesabu zake.

Mwaka huu nimeokota zamu ya 11. Sijawahi kukaa mwishoni namna hii. Nachagua wa 11, mmoja anafuata na kuchagua mara mbili, nami narudi na 14. Halafu nasubiri machaguo 20 hadi 35. Jana usiku, watoto wamelala, nilifungua kaunta buku kwenye meza ya jikoni nikahesabu kila safu: baada ya majina 14 kutoka, nikiondoa mengine 20, juu ya kila mstari atabaki nani? Safu ya wapokeaji watabaki wanne kwa makadirio yangu. Safu ya wakimbiaji hatabaki hata mmoja. Nimeweka alama majina mawili ya kijani, na ya tatu pembeni endapo mzee wa fokolifti, ambaye safari hii ana zamu ya 12, ataniwahi.